Koo la Bwana Kitwana na Chupa Mpya ya Pozamoyo

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Si kwa woga, la hasha. Ni kwamba wakati mambo haya yanatokea, jina la nchi lilikuwa limeondolewa ili likapambwe upya, na wananchi walikuwa wameombwa kwa upole, na askari wenye virungu, waiite "hapa" mpaka watakapotangaziwa vinginevyo.

Basi hapa palikuwa na Wizara ya Mwonekano. Iliundwa baada ya Mtukufu Rais kugundua, akiwa mapumzikoni, kwamba shida ya taifa si mambo kuwa mabaya bali ni mambo kuonekana mabaya. Mara moja kazi ikaanza. Hospitali zikapakwa rangi kwa nje. Mashimo ya barabarani yakazungushiwa maua. Mto uliokauka ukatiwa kokoto za buluu, na wanafunzi wakapelekwa ukingoni kuimba.

Kitu kimoja tu Wizara ilikuwa haijakigusa, nacho ni Pozamoyo. Hii ilikuwa soda ya ukwaju kutoka kiwanda cha serikali, ikikaa kwenye chupa ya kioo ya kahawia yenye shingo ndefu na picha ya chiriku aliyefumba jicho moja. Kwa nini alilifumba, hakuna aliyejua wala aliyeuliza. Watu waliposa kwa Pozamoyo, waligombana na kupatana kwa Pozamoyo, na matanga yakianuliwa walipozana machungu kwa hiyohiyo.

Bi Sikudhani Mtengeti, fundi cherehani wa mtaa wa Bondeni, aliolewa kwa soda hiyo. Mumewe, Bwana Kitwana, ni kinyozi. Siku alipokwenda kuposa alishikwa na haya hata akasahau maneno yote aliyofundishwa na wajomba zake. Alibaki kasimama mlangoni na chupa mkononi, akamnyooshea baba mkwe na kusema, "Karibu." Mzee akanywa, akapiga mbweu ya haja, akasema, "Huyu anajua analolifanya." Ndoa ikafungwa.

Tangu hapo, kila mchana, Bwana Kitwana hufunga kibanda chake cha kunyolea, huja nyumbani, hula, hujisafisha meno kwa ulimi, kisha huigeuza Pozamoyo yake kinywani kwa mafunda makubwa huku amefumba jicho moja kama yule chiriku. Akimaliza husema, "Aaah! Dunia bado ipo." Bi Sikudhani alikuwa akijifanya kuchoshwa na maneno hayo, lakini mguu wake haukukanyaga cherehani mpaka ayasikie.

*

Siku moja redio zote, yaani ile redio moja iliyokuwa na majina mengi, zilikatiza muziki. Alikuwa akizungumza Waziri wa Mwonekano, Mheshimiwa Ngwaru Setembo.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu taifa letu limekuwa likinywa gizani. Chupa ya kahawia! Unakunywa nini? Hujui. Na yule ndege, ndugu zangu, anafumba jicho moja. Tumejiuliza sana Wizarani: anamkonyeza nani? Tume ikaundwa, ikasafiri nchi saba, ikarudi na jibu. Anatukonyeza sisi viongozi! Dharau hiyo inakoma leo."

Makofi yalisikika. Yalikuwa yamerekodiwa tangu wiki iliyotangulia, ndiyo maana yalikuwa safi.

Chupa mpya ilikuwa ya plastiki nzito, nyeupe iliyochanganyika na buluu, isiyoonyesha kilichomo. Tumbo lake lilikuwa limepunguzwa ili kulinda afya za wananchi, na bei ilikuwa imeachwa palepale ili kulinda heshima ya bei. Mahali pa chiriku palikuwa na tabasamu la Mtukufu Rais. Ni midomo na meno tu, kwa kuwa uso mzima haukuenea.

Kuna jambo ambalo Mheshimiwa Waziri hakulisema, na wa kulaumiwa ni wananchi kwani hawakumuuliza. Chupa hizo zilitoka kwa shemeji yake, Bwana Tindo. Bwana Tindo alikuwa na kiwanda cha dawa ya kusafishia vyoo iitwayo Ng'arisha. Alikuwa amefyatua chupa chungu nzima akitarajia utajiri, akasahau kwamba watu wa hapa husugua vyoo vyao kwa majivu. Chupa zikajaa maghalani mpaka panya wakahama. Sasa zikapata kazi. Na kwa kuwa sheria mpya iliagiza kila bidhaa ya serikali, na ya jamaa wa serikali, ibebe Tabasamu, Pozamoyo na Ng'arisha zikawa pacha wa tumbo moja. Majina yao yaliandikwa chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, maana Waziri alishasema kwamba jina ni ubinafsi ila tabasamu ni la wote.

*

Bi Sikudhani aliigeuzageuza chupa ya kwanza waliyonunua, akaiweka mezani kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mjusi.

"Mimi chupa hii siiamini," alisema. "Inafanana na kitu cha chooni."

"Ah, Mama Rukia nawe!" Bwana Kitwana alicheka. Rukia ni binti yao, aliyekuwa ameolewa mbali. "Mke haachwi kwa kubadili kanga."

"Akibadili kanga, sawa. Huyu kabadili uso."

"Kilichomo ni kilekile."

"Umeona kilichomo?"

Bwana Kitwana alikunywa, akafumba jicho, akainamisha kichwa kama anayesikiliza mtu wa mbali. Soda ilikuwa na ladha ya ndoo mpya. Lakini yeye alikuwa mtu wa ahadi, na mtu wa ahadi hahesabu makosa ya mwenzake. "Aaah," alisema hatimaye. Kuhusu dunia hakusema neno.

Majirani wengi waliacha. Wengine wakawa wanaionja kwa ncha ya ulimi kama wajaribuo uji wa mtoto. Ni wale waliokuwa wakiipenda kwa dhati, akina Kitwana, walioendelea kuinywa kama walivyoinywa siku zote, yaani kwa mafunda makubwa bila kutazama.

Kisha wakaguzi wa Wizara walipita madukani. Wakakuta Pozamoyo kwenye friji na Ng'arisha chini ya kaunta karibu na mafuta ya taa. Wakafoka. Tabasamu la Rais likae sakafuni? Wakaamuru bidhaa zote zenye Tabasamu zipangwe pamoja na zipoe pamoja, kwa kuwa umoja ni nguvu. Muuza duka wa pale kona ya Bondeni alijaribu kunong'ona kwamba hii moja ni dawa ya choo. Akaulizwa kama ana neno na meno ya Mtukufu. Akasema hana. Akapanga.

Mchana huo jua lilikuwa kali, vumbi limetanda, na Bwana Kitwana alikuwa na mafua yaliyoziba matundu yote mawili ya pua. Alikula wali wake, akajisafisha meno, akafungua chupa ya baridi aliyotoka nayo dukani, akafumba jicho moja.

Bi Sikudhani alisubiri ile "Aaah". Haikuja. Alipogeuka alimwona mumewe amesimama wima, mikono shingoni, macho yote mawili yamefumbuka kuliko alivyopata kuyaona. Povu jeupe lilikuwa likimtoka midomoni na kudondokea shati. Kisha harufu ikamfikia: harufu kali ya choo kilichooshwa.

"Kitwana! Umekunywa nini? Kitwana!"

Majirani walimpakia kwenye mkokoteni wa kubebea mkaa, wakakimbia naye wakipita kando ya mashimo yenye maua.

*

Hospitali ilikuwa na rangi nzuri kwa nje. Ndani, muuguzi hakumwuliza Bi Sikudhani maswali mengi. Alionyesha koo la mgonjwa kwa kalamu, akasema, "Tabasamu?"

"Nini?"

"Amekunywa Tabasamu la choo. Mlaze kule kwa wenzake."

Wenzake walikuwa wodi nzima. Wanaume na wanawake wamelala na midomo iliyobabuka, wakimeza mate yao kwa kukunja uso kama wamezao moto. Ndipo Bi Sikudhani alipowatambua. Huyu ni yule mwalimu aliyekuwa hamalizi kipindi bila Pozamoyo. Yule ni mke wa muuza samaki, aliyeitia hata kwenye mchuzi. Waliojaa wodini walikuwa waaminifu watupu. Wale walioitilia shaka chupa, walioionja kwa ncha ya ulimi, walikuwa nje, wazima wa afya.

Daktari, kijana mwenye macho mekundu kwa uchovu, alimvuta pembeni. "Koo la mzee limeungua. Litajifunga. Anahitaji upasuaji ambao hapa hatuna vifaa vyake. Tunayo rangi tu."

Kuanzia hapo Bi Sikudhani akawa na kazi moja: kukaa kando ya kitanda na kutazama koo la mumewe. Akimpa kijiko cha maji, alitazama kama kifundo kile cha kooni kitapanda na kushuka. Kikipanda, naye alipumua.

Katikati ya hali hiyo akaja Mheshimiwa Waziri kuwafariji wagonjwa. Alikuja na kamera, na zawadi. Zawadi zenyewe zilikuwa makreti ya Pozamoyo. Ziliwekwa chini ya kila kitanda, na wagonjwa walipoziona wakaanza kujisogeza upande wa ukuta.

Waziri alisimama kwa Bwana Kitwana. Alimshika mkono, akamwekea chupa kiganjani na kuvikunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka vikaishika.

"Tabasamu kidogo, mzee," alisema mpiga picha.

Midomo ya Bwana Kitwana ilikuwa imepasuka na kuvuja majimaji. Ilitikisika.

"Inatosha," alisema Waziri. "Inaonekana." Kisha akatoa leso yenye marashi, akajifuta ule mkono uliomshika mgonjwa, kidole kwa kidole, akaitupa leso miguuni pa kitanda na kwenda zake. Bi Sikudhani aliitazama leso ile. Alitoka nje mbio, akatapikia kwenye maua ya Wizara.

*

Tume iliundwa kuchunguza, na ili uchunguzi uwe wa haki iliongozwa na mtu anayezijua chupa kuliko wote, Bwana Tindo. Matokeo yalisomwa redioni.

"Tumebaini," ilisema Tume, "kwamba chupa haina kosa. Mteja mwaminifu huijua bidhaa yake hata ikivikwa gunia. Aliyekunywa Ng'arisha akidhani ni Pozamoyo amedhihirisha kwamba hakuwahi kuipenda Pozamoyo. Tunapendekeza waathirika waiombe radhi soda."

Hata hivyo Wizara ilikuwa na huruma. Ilimtuma Afisa Uaminifu, Bwana Mzuzuri, kijana mwenye suti ya buluu na nyeupe, amtafute mgonjwa mmoja wa kusamehewa hadharani. Alimkuta Bi Sikudhani kwenye ubao wa nje ya wodi.

"Mama, una bahati," alisema huku akikaa. "Mmechaguliwa. Wewe utakuwa Mteja Mwaminifu wa Taifa. Utapanda jukwaani, utasema chupa mpya ni nzuri, utasema mzee alikunywa kwa pupa. Kisha utagonganisha chupa na Mheshimiwa. Basi. Mzee anapelekwa ng'ambo kwa ndege, anapasuliwa, anarudi."

"Na nisiposema?"

"Mama, mbona unaharibu maongezi mazuri?"

"Mwanangu, mume wangu hana pupa. Amekunywa dawa ya choo mliyoitia kwenye friji."

"Ndiyo hiyo," Bwana Mzuzuri alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Ndiyo lugha ambayo haipandi ndege."

Bi Sikudhani aliingia wodini, akamweleza mumewe yote, neno kwa neno, akitumaini kwamba atakataa. Bwana Kitwana alimsikiliza akitazama dari. Kisha akaligusa koo lake. Akaugusa mdomo wa mkewe. Akaitikia kwa kichwa: sema.

"Niseme wewe ni mlafi? Mbele ya watu wote?"

Akaitikia tena. Machozi yalimtiririka hadi masikioni. Alitaka kuishi, naye hakuona haya kulitaka hilo. Bi Sikudhani alimfuta machozi kwa upindo wa kanga. "Haya," alisema. "Nitayameza."

*

Uwanja ulijaa. Shule zilifungwa ili watoto waje kufurahi. Bi Sikudhani alivikwa mkanda wa hariri ulioandikwa MWAMINIFU, akapewa kipaza sauti. Meza kuu walikuwa wamekaa Waziri, Bwana Tindo, Katibu Mkuu na safu ndefu ya waheshimiwa, kila mmoja na chupa yake ya Tabasamu mbele yake.

Akasema. Alisema chupa ni nzuri. Alisema Bwana Kitwana alikunywa kwa pupa. Kila neno lilimtoka kama unywele ulionasa kwenye chakula. Watu wa Bondeni waliinamisha vichwa. Walimjua Kitwana, na walijua kwa nini mkewe anasema vile, na hakuna aliyemhukumu.

"Safi sana!" alinguruma Waziri, akasimama na chupa juu. "Na sasa, ndugu wananchi, kuthibitisha imani yetu, sote tunywe!"

Waheshimiwa wote wakasimama. Vizibo vikafunguliwa. Chupa zikapelekwa vinywani, zikainuliwa, vichwa vikarudi nyuma. Ilikuwa picha nzuri mno, na redio iliieleza kwa ufasaha.

Lakini Bi Sikudhani alikuwa ametoka kukesha na kushinda akitazama koo la mtu kama linameza. Macho yake hayakwenda kwenye chupa. Yalikwenda shingoni. Yakaanza kwa Waziri: koo limetulia tuli. Yakaenda kwa Bwana Tindo: tuli. Kwa Katibu Mkuu: tuli. Safu nzima ya makoo manene, yaliyonyolewa na kupakwa poda, na hakuna hata moja lililopanda wala kushuka. Walikuwa wamebana midomo kwenye tundu la chupa kama watoto wanaokataa dawa.

Akili yake ilikuwa bado kwenye ndege. Mdomo ndio uliomtangulia.

"Mbona hammezi?"

Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi. Swali lilizunguka uwanja mzima na kurudi.

Waziri alishusha chupa. "Tunameza, mama," alisema. "Tunameza kwa utaratibu."

"Hammezi. Ninawaona. Hata mmoja hamezi." Aliwanyooshea kidole, koo kwa koo. "Mume wangu alimeza. Mwalimu yule alimeza. Wodi nzima imemeza. Nanyi mezeni!"

Sauti moja nyuma kabisa ilisema, "Mezeni!" Ya pili ikafuata. Kabla maafisa hawajajua wamkamate nani, uwanja wote ulikuwa ukipiga makofi kwa mapigo: "Me-za! Me-za! Me-za!" Watoto wa shule, walioletwa kufurahi, walifurahi kweli.

Jasho lilimtoka Waziri. Alimgeukia Katibu Mkuu. "Katibu, niwakilishe." Katibu Mkuu akatazama chupa, akazitafuta zile herufi za sisimizi, akasema miwani ameiacha ofisini. Akampa Bwana Tindo, mwenye chupa. Bwana Tindo alirudi hatua moja nyuma, mikono juu, akasema daktari amemkataza sukari.

"Kwani hiyo ina sukari?" mtu aliuliza, na kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko makelele.

Redio ilihamia haraka kwenye wimbo wa umoja. Misafara ya magari ikaondoka kwa ving'ora. Pale meza kuu zilibaki chupa zimepangika, zote zimejaa pomoni, midomo yake imelowa mate ya waheshimiwa, na nzi wakaja kuzizunguka. Walizizunguka tu. Hata nzi hawakutua.

*

Bi Sikudhani alishtakiwa kwa kosa la kukagua makoo ya viongozi bila kibali. Hakimu, ambaye dada yake alikuwa amelazwa ile wodi, aliahirisha kesi mpaka sheria yenyewe itakapotungwa. Safari ya ng'ambo ilikuwepo kama ilivyoahidiwa, ila aliyepanda ndege ni Mheshimiwa Waziri, kwenda kutibiwa mshtuko wa koo.

Usiku wa kurudi kutoka uwanjani Bi Sikudhani alikaa kando ya kitanda, akashindwa kumtazama mumewe. "Nimekuua," alisema. "Ulinituma neno moja, nikasema lingine." Bwana Kitwana alikuwa amesikia yote kwa redio kabla ya ule wimbo. Aliushika mkono wa mkewe, mabega yakaanza kumtikisika, na ilimchukua mkewe muda kutambua kwamba anacheka, na kwamba kucheka kunamuumiza, na kwamba haachi.

Wao wenyewe, watu wa Bondeni na jamaa wa wagonjwa, ndio waliomvusha mpaka hospitali ya watawa nchi jirani, nchi iliyokuwa bado inatumia jina lake. Mtawa mmoja mpasuaji, mzee mwenye mikono mikubwa kama ya mwashi, alilifungua koo lile taratibu. Bwana Kitwana alirudi akinywa uji, baadaye akala ugali laini. Sauti ilirudi nusu tu, na hiyo nusu ilikwaruza kama msumeno. Lakini wako watatu wa wodi ile ambao hawakuvushwa kwa wakati, na mwalimu alikuwa mmoja wao. Walizikwa kimya, na Wizara ikapeleka maua.

Pozamoyo haikununuliwa tena. Ilirundikana madukani mpaka chupa zikavimba. Ndipo Wizara, kwa uchungu wa kizalendo, ikaanzisha kampeni ya kuwarudisha wateja wake wa kale, na Bwana Mzuzuri akafika Bondeni na kamera. Mkononi alikuwa na chupa mpya zaidi. Hii ilikuwa nyekundu, na juu yake palichorwa koo lenye afya, na lilikuwa ni koo la Mheshimiwa Waziri.

Bwana Kitwana alikuwa amekaa kibandani kwake akimsubiri mteja. Bi Sikudhani alisimama mlangoni, tepu ya kupimia shingoni.

"Mzee wetu," alisema Bwana Mzuzuri akipiga goti moja, chupa mbele, "taifa limekosa kitu bila wewe. Yaliyopita si ndwele. Hatutaki hotuba. Toa neno moja tu."

Bwana Kitwana alimpungia mkono asogee. Bwana Mzuzuri akasogea, na mpiga picha akasogea. Mzee akajikohoza. Alianza chini sana, tumboni, akakwangua na kukusanya, na kifundo cha koo kikapanda kikashuka, kikapanda tena. Bi Sikudhani alikitazama kama alivyokuwa akikitazama wodini, akasahau kupumua.

Kisha mzee akatema. Kohozi zito, la kijani, lilitua sawasawa kwenye koo la Mheshimiwa, likaanza kuteremka polepole kuelekea vidole vya Afisa Uaminifu.

Ripoti iliyopelekwa Wizarani ilieleza kwamba mteja aliipokea chupa mpya kwa hisia nzito zilizotoka moyoni, na kwamba koo lake, kutokana na juhudi za serikali, sasa linafanya kazi vizuri.